TAHARIRI: Apu yako isiigomee simu uliyompelekea mama Kabazi

Wengi wetu tumefanya hivi. Unapata kazi Nairobi au Nakuru mjini, unanunua simu mpya, na ile ya zamani unaipangusa, unaivisha kava na kuipeleka ushago wakati wa Krismasi. Mama anafurahi. Kule Kabazi, Kaunti ya Nakuru, simu hiyo inaanza maisha ya pili. Inapokea pesa, inapiga picha ya ng'ombe anayeuzwa, inafungua WhatsApp ya chama na ya kanisa.

Baada ya miaka miwili mama anakupigia. Jirani amemwambia kuna apu ya kujua bei ya mahindi, au ya kufuatilia malipo ya maziwa. Amejaribu kuiweka, imekataa. Skrini inasema kifaa chake hakioani na toleo hilo. Unamjibu mbio mbio, "Mum, hiyo simu imezeeka, nitakununulia ingine." Mwezi unaisha, kodi ya nyumba inakula mshahara, na simu haijanunuliwa.

Sasa hebu tuulizane, hasa wewe unayeandika programu au unayesomea kazi hiyo. Ni nani aliyeamua kwamba simu ile imezeeka? Kioo ni kizima. Betri inashika chaji. Mtandao upo. Simu haijaharibika hata kidogo. Kuna mtu tu, pengine kijana wa rika lako, aliyeketi mbele ya kompyuta akachagua nambari.

Nambari yenyewe ni hii. Unapoanza kutengeneza apu kwa kutumia Android Studio, unaulizwa toleo la chini kabisa la Android litakaloweza kuiendesha. Ukichagua Android 8, iliyotoka 2017, basi simu zote zenye Android 7 kushuka chini umezifungia mlango. Programu hiyo hata hukuonyesha asilimia ya simu utakazofikia. Lakini asilimia hiyo imepigwa kwa hesabu ya dunia nzima. Haikuhesabu mabenchi ya wanaongoja zamu kwenye zahanati ya kijijini, wala foleni ya maziwa saa kumi na mbili asubuhi.

Msimamo wetu ni kwamba yeyote anayetengeneza programu ya kuhudumia umma nchini Kenya, iwe ni ya wizara, kaunti, ushirika, shule au hospitali, ahesabu mashine kuukuu kuwa sehemu ya kazi yake tangu siku ya kwanza. Na kijana anayejua kuifanya kazi hiyo alipwe kama fundi mwingine yeyote, kwa sababu ni ujuzi wa kweli.

Tunasema ni ujuzi kwa sababu si suala la kubadilisha nambari moja tu ukaenda zako. Hakuna anayeandika programu nzima peke yake, kama vile seremala hafui misumari yake. Anainunua. Mwandishi wa programu naye hutumia maktaba, yaani vifurushi vya msimbo ulioandikwa na watu wengine: kimoja cha kuzungumza na seva, kingine cha kupanga tarehe, kingine cha kulinda siri. Maktaba hizo husimama juu ya mfumo endeshi, kama Android au Windows. Zikiboreshwa, huanza kuomba vitu ambavyo mfumo wa zamani hauna. Matokeo yake, programu yako inakataa kufunguka ilhali wewe hukukosea mstari hata mmoja.

Chukua Windows 7. Microsoft iliacha kuihudumia Januari 14, 2020. Lugha ya Python iliishia toleo 3.8 kwa mashine hizo, Go ikaishia 1.20, na kivinjari cha Chrome kikaishia toleo 109. Kompyuta nyingi utakazoketia kwenye saiba zetu ziliingia nchini zikiwa zimeshatumika katika ofisi za Ulaya, kwa hivyo mfumo wa aina hii si hadithi ya kale kwetu. Ukileta programu mpya hapo, mara nyingi kinachoiangusha ni kitu kidogo mno. Kwa mfano, kuanzia Windows 8 mfumo ulipata njia mpya ya kusoma saa kwa usahihi mkubwa. Maktaba nyingi za leo huiomba njia hiyo. Kwenye Windows 7 haipo, basi programu nzima inagoma kwa sababu ya saa!

Dawa yake inajulikana. Unaandika kipande kidogo cha msimbo kinachokaa katikati. Maktaba ikiomba saa mpya, kipande hicho kinaangalia kama mfumo unayo. Ikiwa haipo, kinatoa saa ya zamani, na maktaba inaendelea na kazi bila kujua tofauti. Kwa malipo ya maziwa, hakuna mkulima atakayepungukiwa na shilingi kwa kuwa saa ilisomwa kwa njia ya zamani.

Kwenye simu kuna mbinu kama hiyo. Njia mpya za kupanga tarehe katika Java ziliingia Android na toleo 8. Google yenyewe ilitoa kifaa kinachogeuza msimbo wako wakati wa kuujenga, ili tarehe hizo zikubalike kwenye simu za chini ya hapo. Android 4, nayo, haiwashi yenyewe ufungaji siri ambao seva za leo zinadai. Ukibeba maktaba ya usalama ndani ya apu yako, badala ya kutegemea ile ya simu, mlango unafunguka. Apu itaongezeka uzito kidogo, na bando la mama utalikumbuka pia, lakini itafanya kazi.

Usifikiri haya ni mahangaiko ya Afrika peke yake. Let's Encrypt, shirika lisilo la faida la Marekani linalotoa vyeti vya usalama vya tovuti bila malipo, lilitangaza Novemba 2020 kwamba simu za Android za chini ya toleo 7.1.1 zingeanza kukataa vyeti vyake mwaka uliofuata. Wakati huo simu hizo zilikuwa takriban theluthi moja ya simu zote za Android duniani. Hawakuwaambia watu wanunue simu mpya. Kwanza waliwashauri watumie kivinjari cha Firefox, kwa sababu hubeba orodha yake chenyewe ya vyeti. Kisha kabla ya mwaka kuisha wakapata njia ya kuzifanya simu hizo ziendelee kukubali vyeti hadi 2024. Kama shirika linalohudumia mamilioni ya tovuti liliweza kuketi chini na kutafuta njia, kikundi cha vijana watano pale Nakuru kinashindwa na nini?

Na wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, haikungoja Wakenya wanunue simu janja. Iliingia kwenye menyu ya laini ya simu, ikafanya kazi kwenye kabambe. Leo ina apu nzuri tu, lakini ukibonyeza *334# kwenye simu yoyote bado unahudumiwa. KRA nayo ilipoleta ankara za eTIMS iliweka njia ya *222# kwa wafanyabiashara wadogo. Waliotengeneza huduma hizi walijua kuwa mteja wao hayuko Westlands pekee. Si ajabu basi kwamba mwenzetu anayechoma mahindi kando ya barabara anapokea malipo kwa simu bila wasiwasi.

Tunajua utakachotujibu, na hoja yako ina uzito. Utasema mfumo wa zamani ni hatari, kwa sababu hauzibwi tena matundu ya usalama. Ni kweli. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, kikafunga mafaili na kudai fidia. Wengi walidhani kilipiga zaidi Windows XP kwa sababu ya uzee wake. La. Wengi wa walioathirika walikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahudumiwa, na kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetoka miezi miwili kabla. Hawakukiweka tu.

Somo la hapo si kwamba mashine za zamani ni salama. Hatumshauri yeyote aweke siri za benki kwenye Windows 7. Tunachosema ni kwamba kumfungia mtu mlango hakumfanyi awe salama. Mama akikosa apu rasmi, hatakaa bure. Atampa mtoto wa jirani simu amtafutie faili ya apu kutoka tovuti isiyojulikana, au atampa mtu wa saiba nambari yake ya siri amfanyie. Hatari hizo ni kubwa kuliko ile uliyokuwa ukiikimbia. Ni heri umpe njia nyepesi iliyopunguzwa mambo: aone taarifa zake, apate ujumbe, na malipo yapitie USSD.

Utasema pia kwamba kupima programu kwenye kila toleo kunakula muda na pesa. Hilo nalo tunalikubali. Hakuna anayekudai uhudumie kila simu iliyowahi kutengenezwa. Android 2 imeshajiendea zake na WhatsApp iliiaga Februari 1, 2020. Kuna mahali pa kukata. Tunataka tu ukate ukiwa umetazama watu watakaobaki nje, na umewaachia njia nyingine. Usikate kwa sababu tu kompyuta yako ilikuletea nambari hiyo ukabonyeza "endelea".

Jambo hili halitangoji. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilifikisha mwisho wa huduma ya kawaida kwa Windows 10, na watumiaji binafsi wanaojisajili wakaongezewa muda wa viraka vya usalama. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo kompyuta nyingi za zamani hazina. Maana yake ni kwamba mashine zilizoko kwenye saiba, maktaba za shule na ofisi za vyama vya ushirika zinaingia kwenye kundi lile lile la Windows 7. Nyingine zitafaa kuwekewa Linux nyepesi, ambayo ni bure na hupata masasisho. Lakini zitahitaji mtu wa kuziwekea, na wa kuhakikisha printa na programu za ofisi zinakubali. Hiyo ni kazi. Wewe unayesoma kompyuta Egerton au Kabarak na unalalamika kwamba hakuna kazi mtaani, hebu tembelea shule moja ya Subukia uhesabu mashine zilizofunikwa vitambaa.

Kwa viongozi wanaotoa zabuni, ombi letu ni fupi. Mkataba wa programu yoyote ya umma utaje wazi toleo la chini kabisa la simu litakalohudumiwa na njia ya mbadala kwa wasio na simu janja. Msipokee kazi iliyopimwa kwenye simu ya meneja pekee.

Kwako wewe kijana, wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Nunua simu moja kuukuu mtaani, ya bei ya chini, uiweke mezani pako. Kabla hujatangaza kwamba apu yako iko tayari, iwashe hapo, ukiwa na mtandao dhaifu na nafasi ndogo ya kuhifadhi. Ikigoma, kazi haijaisha. Halafu siku utakapofika nyumbani Kabazi, muombe mama simu yake dakika tano, uijaribu mbele yake. Yeye ndiye atakayekuambia kama umetengeneza kitu cha kusaidia watu.