Ugomvi wa maegesho katika majengo ya ghorofa: Fimbo ya mbali haiui nyoka

UGOMVI wa majirani mijini ulizoeleka kuwa wa mipaka ya viwanja, maji machafu na muziki wa usiku. Katika Jiji la Dar es Salaam sasa umeongezeka mwingine, ambao huanza saa moja jioni watu wanaporejea kutoka kazini: nani aegeshe gari lake wapi katika ua wa jengo ambalo wote wanaishi.

Kwa mtazamaji wa mbali, jambo hili huonekana dogo. Lakini wakazi wa majengo hayo wanajua linavyoweza kuwafanya watu wa ghorofa moja wasisalimiane kwa miaka. Huanza kwa gari kuziba gari jingine, hufuata maneno makali getini, kisha tairi hutolewa upepo, kioo huvunjwa au mnyororo wenye kufuli hufungwa kwenye nafasi ambayo haijulikani ni ya nani. Hapo suala la ujirani huwa limegeuka kuwa la polisi, kwa kuwa kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, hata kama mwenye mali hiyo ndiye aliyeanza uchokozi.

Chanzo cha tatizo kinajulikana. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam ukiwa na watu 4,364,541. Ile ya mwaka 2022 iliwakuta 5,383,728. Ongezeko la zaidi ya watu milioni moja katika miaka kumi, kwenye ardhi ile ile, limefanya ujenzi uelekee juu. Majengo mengi ya zamani ya Upanga na Kariakoo, yakiwamo yaliyotwaliwa na Serikali kwa sheria ya mwaka 1971, yalijengwa wakati gari lilikuwa mali ya wachache. Ua uliotosha magari manne leo unatakiwa kupokea kumi na tano.

Hata hivyo, uhaba wa nafasi peke yake hauelezi ugomvi wote. Yapo majengo yenye nafasi finyu ambayo wakazi wake wanaishi kwa amani, na yapo yenye ua mpana yasiyopitisha wiki bila zogo. Tofauti yao mara nyingi ni kuwapo au kutokuwapo kwa kanuni iliyoandikwa na kukubaliwa na wote.

Wanaogombana hudai haki za aina tatu, na kila mmoja huamini yake ndiyo haki pekee. Wa kwanza ni mmiliki anayesema alinunua nyumba pamoja na nafasi ya gari. Wa pili ni mpangaji anayesema aliahidiwa nafasi hiyo na mwenye nyumba. Wa tatu ni mkazi wa siku nyingi anayesema ameegesha hapo tangu jengo lilipofunguliwa na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo, Na. 16 ya mwaka 2008, inatoa mwanga katika madai hayo. Chini yake, mtu humiliki nyumba yake ndani ya jengo kwa hati yake mwenyewe, lakini maeneo ya pamoja, kama vile ngazi, lifti na ua, huwa mali ya wamiliki wote. Wamiliki hao huwa na chama chao, ambacho ndicho chenye jukumu la kusimamia maeneo hayo na kuwa na kanuni za matumizi yake.

Kwa msingi huo, swali la kwanza si nani alitangulia kufika, bali ramani ya jengo na hati zinasema nini. Kama nafasi imeoneshwa kuwa sehemu ya nyumba fulani, mjadala umekwisha. Kama haikuoneshwa, basi ni mali ya wote, hata kama muuzaji aliahidi vinginevyo kwa mdomo. Mpangaji naye hupata haki kupitia kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hawezi kumpa kile ambacho yeye mwenyewe hana. Ahadi ikivunjika, wa kudaiwa ni mwenye nyumba aliyeitoa, si jirani wa ghorofa ya tatu.

Hali ni tofauti katika majengo ya kupangisha yenye mmiliki mmoja, yakiwamo ya Shirika la Nyumba la Taifa. Huko mwenye jengo ndiye anayepaswa kugawa nafasi na kusikiliza malalamiko. Aidha, barabara iliyo nje ya uzio si ya jengo. Mkazi anayeweka mawe au ndoo pembeni mwa barabara ya umma ili kujihifadhia nafasi hana haki yoyote ya kufanya hivyo.

Wanaoshindwa kupatana wana njia ya kisheria, lakini ni ndefu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Mabaraza ya Kata hayaamui tena migogoro ya ardhi. Yamebaki na kazi ya usuluhishi. Yakishindwa kusuluhisha ndani ya siku 30, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na rufaa hupanda hadi Mahakama Kuu. Wakati shauri likiendelea, wahusika wanaendelea kulala katika jengo moja na kutumia geti moja. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Fimbo ya karibu ni chama cha wamiliki. Jirani zetu wa Kenya, katika Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, wameweka utaratibu wa kamati ya ndani ya kusikiliza migogoro ya wakazi kabla haijatoka nje ya jengo. Hakuna kinachozuia wakazi wa jengo la Dar es Salaam kukubaliana jambo kama hilo katika kikao chao.

Kanuni zenyewe hazihitaji kuwa nyingi. Kila nyumba ipate nafasi moja kabla ya yeyote kupata ya pili. Nafasi zikiwa chache kuliko nyumba, zizungushwe kwa zamu au zipigiwe kura, na anayepata alipe ada inayoingia katika mfuko wa matengenezo, ili asiye na gari naye anufaike na ua ulio wake pia. Magari ya wageni yawe na muda maalumu. Namba za simu za wenye magari ziwe kwa mlinzi, na mlinzi apewe kanuni hizo kwa maandishi. Si haki kumtaka mtu wa mshahara mdogo amzuie bosi mwenye gari kubwa bila karatasi yoyote ya kumlinda.

Lipo jambo moja lisilopaswa kupigiwa kura wala kuuzwa, nalo ni njia ya dharura. Jengo likishika moto, au mama mjamzito akizidiwa usiku wa manane, gari la zimamoto na la wagonjwa hayatauliza nani alinunua nafasi ipi. Yatahitaji njia. Mkazi anaweza kupiga namba 114 na zimamoto wakafika mapema, lakini wakakwama getini kwa sababu ya gari ambalo mwenyewe amelala na simu ameizima.

Mamlaka za mipango miji nazo haziwezi kukwepa lawama pale zinapopitisha michoro yenye maegesho, kisha zikanyamaza maegesho hayo yanapogeuzwa maduka. Lakini wakazi hawana sababu ya kusubiri. Kikao cha jioni moja na karatasi iliyosainiwa vitawagharimu kidogo kuliko kioo cha gari, na vitawagharimu kidogo zaidi kuliko roho ya mtu.