Mbiu ya Mgambo Ofisini: Nani Aipige, na kwa Lugha Gani?

Wahenga walilonga kuwa mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Pembe ilipolia mjini, aliyekuwa shambani aliweka jembe chini na aliyekuwa jikoni akatoka uani, kwani pembe hiyo haikulia ovyo. Ofisi za leo nazo zina mbiu yao. Fundi wa mitambo huketi mbele ya kompyuta moja, huandika sentensi mbili, na papo hapo kisanduku huchomoza katika skrini za wafanyakazi wote waliounganishwa na mtandao wa ofisi, juu ya kazi yoyote wanayoifanya.

Chombo hiki si kigeni. Mifumo ya Unix ilikuwa na amri ya wall, yaani waandikie wote, tangu miaka ya 1970. Katika Windows NT, Windows 2000 na Windows XP amri mashuhuri ilikuwa net send; nyota moja mahali pa jina la mpokeaji ilitosha kuufikisha ujumbe kwa kikoa kizima. Haikuhitaji cheo. Karani aliyeajiriwa jana aliweza kuipiga mbiu sawa na mkuu wa idara. Balaa kubwa zaidi ilitoka nje: kompyuta zilizokuwa katika intaneti bila ukuta wa kinga zilianza, mnamo 2002 na 2003, kuchomozewa na matangazo ya wachuuzi wasiojulikana, wakiwemo (ajabu ya Musa!) wauzaji wa shahada za vyuo vikuu. Oktoba 2003 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa uliomwezesha mshambulizi kuiteka kompyuta kupitia huduma iyo hiyo. Agosti 2004 huduma ikazimwa katika toleo lililorekebishwa la Windows XP, na Windows Vista ilipokuja haikuwa nayo kabisa. Iliyobaki ni amri ya msg, ambayo hudai idhini kwenye kompyuta inayopokea.

Ni dhahiri shahiri, basi, kwamba mbiu hii haikufa kwa kukosa sauti. Iliuawa na wingi wa wapigaji. Ofisi inayorejesha chombo cha aina hii leo haina budi kuamua kwanza ni nani mwenye pembe, na ni jambo gani linalostahili pembe. Kuzimwa kwa seva kunastahili. Keki ya siku ya kuzaliwa ya meneja haistahili.

Suala la pili ni lugha, na hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wangepaswa kusikika. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hata hivyo, tahadhari za mitandao ya ofisi aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, kwa hoja kwamba Kiswahili kina maneno marefu. Hoja hiyo ni dhaifu. "Hifadhi kazi yako. Seva itazimwa saa nne na robo asubuhi." Maneno kumi, na hakuna la kuongeza.

Ugumu halisi umo katika saa. Kompyuta huonyesha 10:15 pale Mswahili anaposoma saa nne na robo. Mwandishi akiandika "saa 4:15", nusu ya ofisi itadhani ina mchana kutwa wa kujiandaa. Saa ya Kiswahili na iandikwe kwa maneno, na tarakimu zibaki zile zile za kompyuta. Aidha, mpiga mbiu wa zamani aliwaambia watu "sikilizeni", kwa kuwa umati ulikuwa mbele yake. Kisanduku huwafikia wote lakini humkuta kila mmoja peke yake. "Hifadhi kazi yako" humgusa kuliko "hifadhini kazi zenu", ambayo kila mtu humwachia jirani.

Kuhusu msamiati, wapo watakaoshikilia kwamba lazima iwe "tarakilishi" wala si "kompyuta". Mjadala huo una mahali pake darasani. Tahadhari ya dakika chache si pahali pa kumfunza mhasibu istilahi. Anayelazimika kuuliza maana atapoteza hesabu za asubuhi nzima.

Dosari moja hujirudia katika lugha zote mbili: "Seva itazimwa baada ya dakika kumi." Dakika kumi tangu lini? Kisanduku cha net send angalau kilibeba saa ya kutumwa, na kilisubiri hadi kitufe kibonyezwe. Aliyekwenda kunywa chai akirudi na kukuta maneno hayo peke yake hawezi kujua kama bado ana dakika tisa au hana hata moja.