Reli ndefu ile, boliti nne zitaipunguzia nini?

Leo mniruhusu niongelee kitu ambacho sisi wa Tunduma tunakiruka kila siku bila kukitazama. Foleni ya malori ya kwenda Zambia hapa mjini hata mtoto wa chekechea anaijua, atakuhesabia na matairi. Lakini reli? Mtu atakuelekeza "ng'ambo ya reli kule", basi, imetoka hiyo.

Kisa chenyewe ni mshkaji mmoja wa kijiweni kwetu, jina kapuni. Juzi kaja na mfuko wa rambo, ndani boliti nne na vibanio vya chuma, anauliza ni mizani gani ya chuma chakavu inalipa vizuri. Namwambia mwana, hivi si vya reli? Kajibu bila hata aibu: "Reli ndefu ile, nne zitaipunguzia nini?"

Nikamburuta mpaka kwa mzee mmoja wa mtaani, mstaafu wa gengi la reli. Shikamoo mzee, marahaba wanangu, kisha akamwaga mfuko chini na kuanza somo. Nyie, mzee anajua!

Kwanza, reli si nondo. Inatengenezwa kwa chuma cha pua chenye kaboni kidogo sana, haifiki hata asilimia 1, pamoja na manganizi ili iwe ngumu isiliwe haraka na magurudumu. Pande la chuma linachomwa hadi nyuzi joto kama 1,200, likiwa jekundu linapitishwa katikati ya magurudumu ya mashine tena na tena, kama unavyosukuma chapati, mpaka lipate kichwa kinene, kiuno chembamba na mguu mpana. Likipoa linanyooshwa, halafu linapimwa kwa mawimbi ya sauti wajue kama lina ufa ndani. Za kwetu zilikuja na meli kutoka China.

Mkataba wa Tazara ulitiwa saini Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza Oktoba 1970, na Agosti 1973 reli ikagonga Tunduma. Mwaka 1976 ikakabidhiwa, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi. Kila mita ya reli ina kilo 45, na reli ziko mbili. Piga hesabu zako za kidato cha pili: ni tani kama 167,000 za chuma. Mshkaji akacheka, "Si ndiyo nasema, nyingi!"

Mzee hakucheka. Akachukua kibanio kimoja, akamuuliza kazi yake. Kimya.

Kazi yake ni kuibana reli kwenye taruma la zege, ili kati ya reli na reli ibaki milimita 1,067, siku zote. Gurudumu la treni lina ukingo kwa ndani, na mahali linapogusa reli ni padogo kama sarafu. Behewa zima la shaba linasimama juu ya sarafu hizo chache! Ukitoa vibanio, reli inaanza kucheza. Ikitanuka sentimita chache tu, gurudumu linadumbukia katikati. Na treni ya mizigo haisimami kama bodaboda, bwana.

Hata jua lina mchezo wake. Reli ya mita 12.5, joto likipanda nyuzi 30 kati ya baridi la alfajiri letu na saa nane mchana, inarefuka milimita 4 hivi. Ndiyo maana kwenye maungio huachwa upenyo, na ile "katakata, katakata" unayoisikia behewani ni gurudumu linapita hapo. Kokoto nazo, zile zinazopasuliwa Kongolo kule Mbeya, zinashika mataruma yasitembee na kupitisha maji ya mvua.

Mfuko mzee aliutwaa, akaupeleka stesheni kwa mkono wake. Mshkaji kanuna, anasema nimemkosesha mshiko. Mie sijali. Mama zetu wanapanda treni ile.

Tena sasa hivi ndiyo pa kuwa macho. Septemba 2025, Lusaka, ulisainiwa mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina CCECC, dola bilioni 1.4, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni ya kufufua njia yenyewe. Reli ya kisasa ya Dar hadi Dodoma ina upana wake wa milimita 1,435, ile ya kati ya zamani ina 1,000, na yetu imefuata saizi ya Zambia na wenzao wa kusini. Nchi moja, viatu namba tatu!

Ninachotaka kujua ni vijana wangapi wa Tunduma, Vwawa na Mlowo watachukuliwa kwenye magengi hayo. Nikipata jibu nitalileta hapahapa. Tuonane wiki ijayo.