Kanali aliyevua gwanda: somo kwa wanaosubiri mwanajeshi awakomboe



Siku hizi ukiingia kwenye magrupu yetu ya WhatsApp hukosi picha ya Kapteni Ibrahim Traoré wa Burkina Faso, na chini yake kijana kauliza: wetu sisi atakuja lini? Hasira naielewa. Mikutano inazuiwa, viongozi wanawekwa ndani, kura haziaminiki, mtu anafika mahali anasema bora mwanajeshi apindue meza yaishe. Lakini kabla hatujafika huko, tumtazame mwanajeshi mmoja wa hapa jirani kabisa. Aliingia madarakani kwa bunduki, akakaa ndani, akaona yanayofanyika humo, akatoka. Huyu ni Kanali mstaafu Dk. Kizza Besigye wa Uganda.

Besigye alizaliwa mwaka 1956 Rukungiri, kusini magharibi mwa Uganda. Kazi yake ya kwanza haikuwa jeshi. Alisomea udaktari Makerere, akahitimu 1980. Desemba mwaka huo ukafanyika uchaguzi. Kumbukeni wazee wetu walikuwa wamemwaga damu kumng'oa Idi Amin mwaka 1979, na Waganda walitegemea kura ile iwe mwanzo mpya. Milton Obote akatangazwa mshindi, wengi wakasema matokeo yamechakachuliwa. Februari 1981 Yoweri Museveni akaingia msituni, na mwaka 1982 daktari kijana akamfuata. Huko msituni akawa daktari wa Museveni mwenyewe. Yaani mtu aliyekuja kuitwa adui wa taifa ndiye aliyekuwa akimpima homa mkubwa!

Januari 1986 jeshi la NRA likaiteka Kampala. Besigye alikuwa hajatimiza hata miaka 30. Akapewa uwaziri wa nchi, Mambo ya Ndani, baadaye akawa kamisaa wa siasa wa taifa. Miaka ya 90 akarudi jeshini, akaongoza kikosi cha magari ya kivita kule Masaka, kisha akawa mkuu wa ugavi na uhandisi. Aliliwakilisha jeshi pia kwenye Bunge la Katiba lililotengeneza Katiba ya 1995.

Hapa tuseme ukweli, tusipambe. Kwa miaka yote hiyo Uganda ilikuwa haina siasa za vyama. Vyama vilikuwepo kwa jina tu, vimefungwa mikono mpaka kura ya maoni ya 2005. Ukamisaa aliokuwa nao Besigye ulikuwa sehemu ya mfumo huo. Kwa hiyo simleti hapa kama malaika. Namleta kwa sababu mfumo aliousaidia kuujenga ndio uliokuja kumgeukia.

Mwaka 1999, akiwa bado na vyeo vyake, aliandika waraka akieleza jinsi harakati ya NRM ilivyopotea njia, ikawa ya watu wachache na kuacha misingi iliyopiganiwa msituni. Jeshi likataka kumpeleka mahakama ya kijeshi eti kasema mahali pasipostahili. Baada ya mvutano akaruhusiwa kustaafu na cheo cha kanali. Mwaka 2001 akasimama kugombea urais dhidi ya mtu aliyekuwa akimtibu.

Miaka ile sisi tuliimba "vua gamba, vaa gwanda". Besigye yeye alivua gwanda lenyewe, akabaki na shati la kawaida. Na hapo ndipo alipoanza kutisha.

Angalieni mtiririko. Alipata asilimia 28 hivi mwaka 2001, akaenda Mahakama ya Juu, majaji wakakiri sheria ilivunjwa, lakini kwa kura tatu dhidi ya mbili wakasema matokeo yabaki. Mwaka huo akakimbilia uhamishoni Afrika Kusini. Akarudi Oktoba 2005, na kabla mwezi haujaisha akashtakiwa kwa uhaini na ubakaji. Siku mahakama iliposhughulikia dhamana ya washtakiwa wenzake, watu wenye silaha na nguo nyeusi wakaizingira Mahakama Kuu ya Kampala. Fomu zake za urais zilipokelewa yeye akiwa gerezani Luzira. Februari 2006 akapata asilimia 37. Kesi ya ubakaji akaachiwa mwaka huo huo, na ile ya uhaini ikaja kutupwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2010.

Mwaka 2011, baada ya uchaguzi mwingine, bei ya mafuta na chakula ikapaa. Besigye na wenzake wakatangaza kwenda kazini kwa miguu. Basi. Kutembea tu! Hawakuwa na panga wala jiwe. Polisi wakavunja kioo cha gari lake wakampulizia pilipili machoni, akapelekwa Nairobi kutibiwa. Jiulizeni: serikali yenye vifaru inamwogopa vipi mtu anayetembea?

Jibu langu ni hili. Bunduki watawala wale wanaijua, ndiyo iliyowaweka pale. Ukiwajia na bunduki unacheza kwenye uwanja wao. Wasichokijua ni mwananchi wa kawaida anayesema hapana mchana kweupe na kesho yake anarudi tena. Besigye aliijua silaha kuliko wengi wanaoipigia debe leo mtandaoni, na bado alichagua karatasi ya kura, mahakama na barabara.

Novemba 16, 2024 alitekwa Nairobi, alikokwenda kwenye uzinduzi wa kitabu cha Martha Karua. Siku nne baadaye akaibukia mahakama ya kijeshi Makindye, Kampala. Mtu aliyestaafu jeshi zaidi ya miaka 20! Januari 31, 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda ikaamua kwamba raia hawapaswi kushtakiwa kwenye mahakama za kijeshi. Uamuzi huo ulitokana na kesi iliyofunguliwa miaka mingi nyuma na Michael Kabaziguruka, aliyekuwa mbunge wa FDC, chama ambacho Besigye alikuwa rais wake wa kwanza. Besigye akagoma kula, na Februari kesi yake ikahamia mahakama ya kiraia kwa shtaka la uhaini. Mei Bunge likapitisha sheria ya kuwarudisha raia kwenye mahakama za kijeshi.

Uhaini. Neno hilo tunalijua. Aprili 2025 Mwenyekiti Tundu Lissu alishtakiwa nalo hapa kwetu, na mwezi uliofuata Martha Karua, wakili yule yule wa Besigye, alipotua Dar es Salaam kufuatilia kesi hiyo, akazuiwa kuingia na kurudishwa kwao. Watawala wetu wanasoma daftari moja. Na sisi tusome pamoja basi.

Najua kuna atakayeuliza: sasa Besigye kapata nini? Kagombea mara nne, kashindwa mara nne, kaishia rumande. Swali ni la haki. Lakini geuza upande wa pili: walioshinda kwa bunduki mwaka 1986 waliwapa nini Waganda? Museveni aliwahi kusema tatizo la Afrika ni viongozi wanaong'ang'ania madaraka. Ukomo wa mihula ukafutwa 2005, ukomo wa umri ukafutwa Desemba 2017, na yeye yuleyule. Huyo naye alikuwa Traoré wa vijana wa wakati wake. Picha yake ilipendwa, hotuba zake zilishangiliwa, hata nje ya Uganda.

Mwanajeshi akikukomboa, anakudai. Na deni hilo halina siku ya kuisha.

Kwa hiyo, makamanda, tukiitana jina hilo tukumbuke kwamba hatuna kikosi wala ghala la silaha. Tuna matawi, tuna mawakala wa kura, tuna miguu. Tawi ambalo halijakutana tangu uchaguzi uliopita halitaokolewa na kapteni yeyote. Likutane wiki hii. Lisajili wanachama, lifuatilie kesi, liende mahakamani likakae pale kwa utulivu mpaka hakimu azoee sura zetu. Ni kazi ndefu na haina video ya kusambaza, lakini ikileta ushindi, ushindi huo hautakuwa na mwenyewe mmoja wa kuja kutudai.

Nawasilisha.