Kosa Lisifichwe, Lichunguzwe

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Msemo huo wafaa sana kwa wanafunzi wanaojifunza kuandika programu za tovuti. Programu inaposhindwa kuandika katika faili au kuifikia hifadhidata, wengi wao huuzima ujumbe wa kosa, wakadhani kwamba kosa lenyewe limekwisha.

Hebu tuitazame lugha ya PHP, aliyoianzisha Rasmus Lerdorf mwaka 1994. Katika lugha hiyo, alama ya @ ikitangulizwa mbele ya amri huyanyamazisha maonyo yake. Amri ya file_put_contents ikishindwa kuandika, hurudisha jibu la kukanusha tu. Jibu hilo lisipopimwa, programu huendelea na safari yake. Mwalimu ataambiwa kuwa alama za mtihani zimehifadhiwa, kumbe hazimo.

Mara nyingi chanzo ni ruhusa: seva huendeshwa kwa jina la mtumiaji asiye mwenye faili. Mwenye pupa hutoa ruhusa ya 777, ambayo humwezesha kila mtumiaji wa kompyuta hiyo kusoma, kuandika na kutekeleza. Huko ni kung'oa mlango kwa sababu ufunguo haukuonekana. Inayofaa ni kulitambua jina linaloendesha seva, kisha kulipa ruhusa katika folda moja inayohitajika.

Waundaji wa PHP wenyewe wameupa kisogo ukimya. Tangu toleo la 8.0, lililotoka Novemba 2020, kiungo cha hifadhidata kiitwacho PDO hupaza sauti kosa linapotokea, bila kungoja kuamriwa. Mysqli ilifuata katika toleo la 8.1, Novemba 2021.

Yawezekana kusemwa kwamba ujumbe wa kosa humfunulia mhalifu siri za seva. Ni kweli, iwapo unaonyeshwa kwa kila mgeni wa tovuti. Dawa yake ni kuuandika katika faili ya kumbukumbu isomwayo na msimamizi peke yake, wala si kuufuta.

Kwa hiyo, haitoshi mwalimu kutoa alama kwa programu inayofanya kazi tu. Hana budi kumtaka mwanafunzi aeleze ujumbe ulisema nini, mstari upi ulitajwa, alikisia chanzo gani, na alikijaribuje kwa kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Huo ndio uchunguzi wa kisayansi, nao hauhitaji maabara nyingine zaidi ya kompyuta iliyopo mezani.