Kabla Ununue Betri Ingine, Uliza Fundi Amepima Nini

Wacha nikiri kitu. Betri mpya ya Probox ya mzee ilinunuliwa juu yangu. Nilikuwa nimeona video ya sekunde 40, nikamwambia mzee kama daktari, "Hiyo ni betri." Elfu tisa ikaenda. Wiki mbili gari ikawaka poa, nami nikatembea Machakos mzima nikijiona fundi. Halafu asubuhi moja mami anafaa kupeleka nyanya Marikiti, mzee anazungusha ufunguo: tak. Kimya.

Fundi wa kwanza hakufungua hata begi ya vyombo. "Stata." Elfu saba ingine, na hizo zilikuwa za karo ya sista. Sista akatumwa nyumbani, na gari bado ikawa inawaka ikitaka.

Kwa hivyo nasema hivi: kubadilisha spea bila kupima ni kamari, na pesa ya kamari ni ya mwenye gari.

Mnajua Kyamwilu, pale njia ya Mutituni, gari ikiwa nyutro inaonekana kupanda mlima yenyewe. Ni vilima vya kando vinadanganya jicho. Sasa kama jicho linadanganywa na barabara nzima, je, waya iliyojificha chini ya injini?

Gari yenyewe huwa inasema shida yake, ukiisikiliza. Washa taa, kisha jaribu kuwasha gari. Taa zikififia na usikie tik-tik-tik ya haraka, anza na betri na vichwa vyake: vimelegea ama vina ule unga mweupe? Taa zikibaki kali na usikie tak moja, angalia stata na waya zake. Ukikosa sauti kabisa, angalia gia kama iko P, swichi ya ufunguo na rilei. Na kama injini inazunguka vizuri lakini haishiki, achana na betri. Hapo tafuta mafuta ama moto wa plagi.

Fundi wa pili alikuja na mita. Betri, volti 12.6. Nzima. Akaweka ncha moja kwa hasi ya betri, ingine kwa chuma cha injini, akamwambia mzee awashe. Ile mita ilifaa kubaki karibu na sufuri. Ikaruka ikapita volti mbili. Ilikuwa waya ya athi ya injini, imeoza ndani ya kichwa chake. Siku zingine ilikuwa inashika, siku zingine inakataa.

Hapo ndio nilielewa kwa nini jirani akitupiga jampa gari ilikuwa inawaka kila mara. Alikuwa anabana waya hasi kwa chuma cha injini, kwa hivyo umeme ulikuwa unaruka ile waya mbovu. Sisi tukalaumu betri. Na wiki mbili za betri mpya? Nadhani ni vile waya zilitikiswa wakati wa kuifunga.

Lakini tusiwatupie mafundi lawama yote. Wateja tunapenda kulipia kitu tunashika mkononi. Fundi akisema "nipe mia tano ya kupima," tunamwita mwizi. Akisema "leta elfu saba ya stata," tunatuma kwa M-Pesa bila swali. Sasa atauza nini? Atauza stata.

Kwa hivyo, msee, gari yenu ikianza hiyo tabia, andika: ilikuwa asubuhi ama imepata moto? Mvua ilikuwa? Ililia aje? Rekodi sauti na simu, kwa sababu ikifika kwa fundi itawaka tu. Lipa upimaji. Na kabla utoe pesa ya spea, uliza swali moja: "Umepima nini, na mita imesema ngapi?"

Mimi sikuuliza. Sista alikaa nyumbani siku nne.