Mtoto wa mitaani asiye na mtaa

Wadau, kila baada ya miaka michache wakubwa wa jiji la Dar es Salaam huamka na wimbo uleule: jiji chafu, lisafishwe! Ukidhani watataja mitaro iliyoziba, utangoja sana. Wanaotajwa ni watu: ombaomba, watoto wa mitaani, vijana wanaolala juu ya maboksi kwenye mabaraza ya maduka Kariakoo. Karandinga linapita, mgambo wanakimbiza watu, habari inatoka ukurasa wa mbele. Miezi miwili baadaye watu walewale wako palepale, nasi tunajifanya kushangaa.

Ufagio huu ni wa urithi. Mwaka 1944 serikali ya Mwingereza ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini wenyeji "wasiotakiwa". Tukapata uhuru, Mwingereza akaondoka, ufagio ukabaki. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi: asiye na kazi inayotambulika alikamatwa na kupelekwa mashambani, na wengi walirudi mjini. Aprili 2016 Paul Makonda, Mkuu wa Mkoa wakati huo, akaamuru ombaomba waondoke Dar. Hao ombaomba mnawaona hadi leo. Kitu kimeshindwa tangu enzi za babu zetu, bado tunakiita mkakati!

Najua mtasema wana makwao, warudi wakalime. Haya, warudi kwa nani? Kuna mtoto aliyekimbia kipigo cha baba wa kambo. Kuna mjane aliyefukuzwa na mashemeji kabla matanga hayajaanuliwa. Kuna mzee wa Dodoma ambaye mvua ilimkatia shamba. Ukimpakia basi ukamrudisha, umemrudisha kwenye kilekile alichokikimbia. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni hapa hapa kwetu Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji, zinazomwadhibu mtu kwa kukosa makazi au kipato, zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Umaskini siyo kosa la jinai.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi zaidi, maana hapa hatuwezi kumsingizia Mkuu wa Mkoa. Nchi hii karibu kila kitu kinaanzia ofisi ya serikali ya mtaa. Unataka kitambulisho cha NIDA? Fomu igongwe muhuri kwa mtendaji. Unamwekea ndugu yako dhamana polisi? Barua ya mtaa. Unaomba kazi ya ulinzi? Wadhamini, na barua ya mtaa. TASAF nayo inaandikisha kaya maskini, na anayelala barazani peke yake hana kaya. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na walemavu, lakini kwa kawaida mpaka uwe kwenye kikundi kinachotambulika. Anatambuliwa na nani huyu anayelala nje ya duka la vitenge? Tunamwita mtoto wa mitaani, na hakuna mtaa hata mmoja unaomwandika!

Chumba nacho ni mtihani. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, juu yake hela ya dalali. Kijana anayebeba mizigo sokoni anapata hela ya leo kwa leo. Akitaka kudunduliza, ataficha wapi? Mfukoni. Na usiku analala nje, amechoka, hajitambui. Kukicha mfuko mtupu. Halafu anapita mtu ndani ya gari lenye kiyoyozi anasema vijana hawa wavivu. Mvivu ndiye aliyebeba gunia la viazi alfajiri wakati wewe unakoroma?

Tufanye nini basi? Sarafu ya dirishani kwenye taa za barabarani siikatai, mwenye njaa ale. Lakini sarafu haimtoi mtu barazani. Nina mambo mawili.

Kwanza, twende kwenye mikutano ya mitaa yetu. Sisi wasomi tunaiona ya wazee na wastaafu, tunawaachia. Tukasimame tudai daftari la mtaa liwaandike na wanaolala ndani ya mipaka ya mtaa huo, wapewe barua, na Afisa Ustawi wa Jamii aitwe. Kwa watoto hatuombi hisani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa halmashauri jukumu la kulinda ustawi wa mtoto aliye ndani ya eneo lake. Haikuuliza katokea mkoa gani.

Pili, tuchange. Msiniambie hatuwezi, maana hakuna watu duniani wanaojua kuchanga kama sisi! Harusi moja ina kamati, mwenyekiti, mweka hazina, kadi za michango, vikao kila Jumamosi na mtu wa kufuatilia ahadi. Hapo bado send-off na kitchen party. Tunachangia usiku mmoja wa kula na kucheza, kesho yake ukumbi unafagiliwa. Kamati hiyohiyo ikilipa kodi ya chumba kimoja Manzese au Mbagala, ikasimama kama mdhamini, mtu mmoja anapata mlango wenye kufuli. Akiba yake inalala salama, naye pia. Anayefanya kazi kila siku atamalizia mwenyewe. Na wewe ambaye mzee wako ana nyumba ya kupangisha, mwambie apokee kodi ya mwezi kwa mwezi. Hatakufa njaa.

Mtasema tukianza watajaa mjini. Ndugu zangu, wameshajaa, na wamejaa wakati hatufanyi chochote. Mtu akifa barazani, polisi huchukua mwili na manispaa humzika. Yaani akifa anapata wa kumwandika, akiwa hai hakuna!

Tangazo la mkutano wa mtaa wenu limebandikwa pale ofisini kwa mtendaji. Nendeni.